Ada ya sanaa na ya sayansi hazipishani sana, mbona ukoo unataka kumchangia wa sayansi peke yake?

#1 MangiWaKiborloni
Habari zenu wadau. Naleta hili hapa kwa sababu kwenye ukoo limeshatugawa. Mwaka huu tuna vijana wawili wamemaliza form six, mmoja PCB (fizikia, kemia, baiolojia) mwingine HGL (historia, jiografia, Kiingereza), wote wana division one na wa HGL ndo mwenye pointi nzuri zaidi. Juzi kwenye kikao wazee wakaamua mchango wote uende kwa wa PCB, huyu mwingine akae kwanza nyumbani "tutaona mwakani", sababu eti digrii za sanaa ni kupoteza hela.

Sasa mimi ndo mtunza hazina wa ukoo, fomu za kujiunga ninazo zote mbili. Chuo ni kimoja, cha binafsi, na wote wamechaguliwa ualimu. Ualimu wa sayansi ada 1,500,000 kwa mwaka, ualimu wa sanaa 1,260,000. Tofauti ni 240,000 tu. Ukishuka kwenye michango mingine, usajili, kitambulisho, mitihani, umoja wa wanafunzi, bima ya afya ya NHIF 50,400, ile elfu 20 ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ya uthibiti ubora, kila mstari unalingana mpaka shilingi ya mwisho.

Nauliza mawili. La kwanza, kama sanaa haina maabara mbona ada zinakaribiana hivi? La pili, kama zinakaribiana na mtoto kafaulu, hasara iko wapi?

#2 Chalii_wa_Ngarenaro
La pili kamuulize mwenyekiti wa ukoo arifu, sisi tutakudanganya bure. Ila la kwanza hata mimi linanikereketa. Nimesoma BA miaka mitatu, darasa tulikuwa tunaingia wengine wanasikilizia dirishani, vitabu tunatoa kopi stationery kwa hela zetu, laptopu ya kwangu, bando la kwangu. Hela yangu ilikuwa inanunua nini?

#3 FundiMaabara
Ilikuwa inanisaidia mimi huku maabara. Nasema hivyo nikimaanisha, nafanya kazi hii miaka mingi kwenye chuo, chuo gani tuache.

Chukua kipindi kimoja cha taitresheni (kupima kemikali kwa bureti), wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Maabara inachukua watu 40, darasa lina 150, kwahiyo kipindi hichohicho kinarudiwa mara nne kwa wiki, na kila mara lazima niwepo mimi, msaidizi, na mwalimu. Maji yaliyochujwa, glavu, gesi, kemikali ambazo nyingine kama silva naitreti bei yake ukiisikia unakaa chini. Bureti zinavunjika kila muhula, koki zinapotea. Maikroskopu lenzi yake ikiingia mafuta na mtu akaifuta na kitambaa cha shati basi hiyo imekwenda. Hapo sijagusa umeme, sijagusa majokofu ya baiolojia ambayo hayatakiwi kuzimwa hata likizo.

Sasa hiyo 240,000 anayoongeza kijana wa sayansi kwa mwaka mzima unadhani inafunika hayo? Haifuniki. Anayefunika ni huyo wa HGL. Digrii ya sayansi huku kwetu inabebwa na ada za sanaa, hilo halisemwi hadharani.

#4 Mhasibu_Sakina
@FundiMaabara nakuheshimu ila kemikali sio zinazokula hela ya chuo. Kitu kinachokula hela ya chuo chochote ni mishahara. Ukitaka kujua kozi ghali na kozi rahisi usiangalie maabara, angalia mhadhiri mmoja anafundisha vichwa vingapi. Mhadhiri wa historia anasimama mbele ya watu 400, wa fizikia ana watu 35. Mishahara yao inalingana. Gawanya mwenyewe.

Na ndo maana vyuo vingi vya binafsi vikianza vinaanza na ualimu wa sanaa, biashara, sheria, maendeleo ya jamii. Unahitaji ukumbi, viti na wahadhiri, unafungua mlango. Sayansi inakuja baadaye chuo kikishapata pumzi.

Halafu msichanganye chuo cha binafsi na cha serikali. Kwenye cha serikali mishahara inalipwa na Hazina, kwahiyo ada unayoiona pale haikwambii gharama yenyewe ya kumsomesha mtu, ni sehemu tu. Cha binafsi ada ndo kila kitu.

#5 Mwl_Usariver
Hapa kuna kitu kinanichoma. Mnaongea kama vile sanaa kwa asili yake ni kitu cha bei rahisi. Sio kweli. Sanaa IMEFANYWA kuwa rahisi.

Kozi ya historia au fasihi ikifundishwa inavyotakiwa ina semina za watu 15, kila mmoja anaandika insha, mwalimu anaisoma, anairudisha na maoni, mnakaa mnabishana. Ina maktaba yenye vitabu vipya na majarida ya kulipia kila mwaka. Ina utafiti wa vijijini. Ukiweka watu 400 ukumbini semina zinakufa, insha zinageuka maswali ya kuchagua, maktaba inabaki na vitabu vya miaka ya 80, halafu mtu anakuja kusema "mbona sanaa haina gharama". Gharama mmeiondoa nyie. Nimesahihisha skripti za watu 400 na mkono ukavimba, na hakuna aliyeniita mtu wa gharama.

Na TP, yani mazoezi ya kufundisha mashuleni, msiisahau, msimamizi akienda kumkagua mwanafunzi Longido au Same nauli na posho ni zilezile awe wa kemia awe wa Kiswahili.

#6 Chalii_wa_Ngarenaro
Mwalimu kapanda jukwaani leo. Ila hapo kwenye insha nakubali, mimi miaka yote mitatu insha yangu imerudi na alama ya vema na namba basi.

#7 Mzee_wa_Marangu
Vijana, sisi tuliosoma zamani haya mambo ya ada ya kozi hii na kozi ile hatukuyajua. Serikali ilikuwa inalipa yote, na hesabu ilikuwa nyingine kabisa: nchi inahitaji wahandisi wangapi, waalimu wangapi, madaktari wangapi, nafasi zinapangwa hivyo. Deni lako lilikuwa ni kulitumikia taifa. Mwaka 1966 wanafunzi wa Dar walipoandamana kupinga masharti ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani karibu 400, wa sheria wa sanaa wote, hakuchagua. Baadaye likaja Azimio la Musoma 1974, ukimaliza shule lazima ukafanye kazi kwanza ndo uingie chuo kikuu.

Kuchangia gharama kumekuja miaka ya 90 mwanzoni, na vyuo vikuu vya binafsi vikafuata katikati ya miaka hiyohiyo. Kabla ya hapo huwezi kusikia mzazi anauliza kozi fulani bei gani. Sasa kila mtu anauliza bei kama yuko Mbuyuni sokoni, na mimi naona hapo ndipo sanaa ilipoanza kudharauliwa, sio kwenye maabara.

#8 Binti_Himo
Shikamoo mzee. Lakini mlikuwa wachache sana mzee wangu, kusomesha watu wachache bure kunawezekana, sasa hivi form six tu ni umati. Na JKT imerudi, tangu 2013 wanaenda tena baada ya kusimamishwa 1994, ada bado tunalipa.

#9 Mzee_wa_Marangu
Marahaba mwanangu. Tulikuwa wachache, kweli. Ila nchi nayo ilikuwa maskini kuliko sasa.

#10 Kipusa_Njiro
Mnazunguka, jibu ni mkopo. Wazee wa ukoo wanafuata upepo wa serikali. Bodi ya Mikopo kuna kipindi ilikuwa inapanga kozi kwa makundi ya kipaumbele, ualimu wa sayansi na hisabati, udaktari, uhandisi juu, sanaa na sheria na biashara huko chini. Samia Skolashipu tangu 2022/23 ni kwa waliofaulu sana tahasusi za sayansi peke yake, analipiwa mpaka chakula, wa HGL awe amefaulu vipi hayumo. Mzazi anaona hayo anajua wapi pa kuweka hela yake.

Ila mkopo nao sio sadaka, bumu (hela ya kujikimu) 8,500 kwa siku halafu ukianza kazi unakatwa 8% mpaka uzeeke na ile 6% ya kulinda thamani ya mkopo juu.

#11 DaktariMtarajiwa
@Kipusa_Njiro takwimu zako za zamani dada. Bumu ni 10,000 kwa siku tangu 2022/23. Makato ni 15% ya mshahara wa msingi tangu sheria ibadilishwe 2016. Na ile 6% ilifutwa 2021, pamoja na faini ya 10%.

Nasoma udaktari hapahapa Moshi. Naomba nimwambie mleta mada kwamba ada ya mwaka mmoja haimwambii kitu, ahesabu miaka. Udaktari miaka mitano halafu mwaka wa intanshipu. Uhandisi minne. Uuguzi minne. BA mitatu. Wenzangu wa HGL tuliomaliza nao form six wameshaanza kulipwa, mimi bado naomba nauli nyumbani. Halafu kuna vitu havimo kwenye fomu: koti jeupe, stetoskopu, vitabu vya anatomia, chumba karibu na hospitali kwa sababu zamu ya usiku huwezi kurudi mbali. Na ukifeli somo mpaka mtihani wa marudio unaweza kurudia mwaka, ada inalipwa upya. Sayansi kuna wanaodisko (kuondolewa chuo kwa kufeli) na hilo halimo kwenye hesabu za kikao chochote cha ukoo.

#12 Kipusa_Njiro
Asante kwa marekebisho. Hoja yangu iko palepale lakini, serikali imeshachagua upande.

#13 DerevaWaSerengeti
Wadau wa Arusha mnanishangaza mnavyosema sanaa hailipi na mnaishi mji huu. Mimi nina BA ya lugha, Kifaransa na Kijerumani kidogo. Naendesha wageni Serengeti na Ngorongoro. Guide anayeongea Kiingereza peke yake wapo wengi mno, anayeweza kumweleza Mfaransa simba anavyomea ndevu kwa Kifaransa chake anagombaniwa na kampuni, na high season naongea mwenyewe bei yangu.

Kabla yangu kuna kaka zangu walikula vizuri sana pale AICC, jumba la mikutano la Arusha, enzi za mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mpaka ilipofungwa 2015, wakalimani, watafsiri, watunza kumbukumbu, wanasheria. Sasa tuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, tuna Mahakama ya Afrika Mashariki, tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) yenyewe. Wote hao wanaajiri watu wa lugha na sheria. Hapo maabara haitakiwi.

#14 Chalii_wa_Ngarenaro
Dereva usitupige kamba, Kifaransa kinafundishwa hata kozi fupi ya miezi. Digrii ilikusaidia nini porini?

#15 DerevaWaSerengeti
Kozi fupi inakufundisha kusema bonjour na bei. Mgeni anakaa na wewe kwenye gari siku nzima, anauliza Wamasai walihamaje, Wajerumani walijenga nini, kwa nini Ngorongoro watu wanaishi na wanyama. Hayo nimeyasoma chuoni.

#16 Mwl_Usariver
Safi sana dereva.

#17 NipoLeeds
Salamu kutoka baridini. Niwape la huku Uingereza. Tangu 2012 vyuo viliruhusiwa kutoza hadi pauni 9,000 kwa mwaka, 2017 ikawa 9,250, na 2025 ikawa 9,535, na karibu vyote vinatoza kiwango cha juu kabisa. Historia na fizikia bei MOJA. Wanafunzi wa sanaa wanalalamika kama mleta mada, kwamba wana saa chache za darasa kwa wiki wakati wenzao wa kemia wako maabara kutwa. Serikali ilichofanya ni kuondoa ruzuku kwenye kozi za darasani na kuibakiza kwenye kozi za maabara, kwahiyo mwanafunzi analipa sawa ila chuo kinapata zaidi kwa kichwa cha sayansi. 2019 kuna tume ilipendekeza ada ishuke mpaka 7,500, haikutekelezwa.

#18 Binti_Himo
Sio Uingereza yote kaka, Scotland wenyeji wa kule hawalipi ada ya digrii ya kwanza. Dada yangu kaolewa huko.

#19 NipoLeeds
Kweli, nasemea England.

#20 Dingi_Tengeru
Australia ndo kituko. 2021 walipandisha ada ya mwanafunzi wa historia, falsafa na kadhalika kutoka dola zao 6,800 hivi mpaka 14,500, zaidi ya mara mbili, kwa makusudi kabisa ili vijana wakimbilie uuguzi na ualimu ambazo walizishusha mpaka 3,950. Udaktari ulikuwa 11,300. Yani msoma falsafa analipa kuliko daktari. Na bado vijana wengi waliendelea kusoma wanachokipenda, deni tu likapanda. 2024 ripoti ya tume yao wenyewe, Universities Accord, ikasema mfumo huo urekebishwe haraka.

Kwahiyo @FundiMaabara tofauti ya ada sio lazima itokane na gharama. Kuna sehemu ni fimbo ya kuwachunga watu.

#21 FundiMaabara
Sijasema kila nchi. Nimesema hapa petu.

#22 Mhasibu_Sakina
Mfano wa karibu ni hapo Namanga tu ukivuka. Kenya 2023 walileta mfumo mpya, kila kozi ikapewa gharama yake halisi, halafu serikali inatoa ufadhili na mkopo kulingana na hali ya familia, mzazi anamalizia. Wazazi walipoona gharama halisi ya udaktari na uhandisi imeandikwa kwenye karatasi ilikuwa kilio, na jambo likaishia mahakamani. Ndo nawaambia, tukisema kila kozi ijilipie yenyewe watoto wa maskini wa sayansi ndo wa kwanza kuumia, sio wa sanaa.

#23 MangiWaKiborloni
Nawashukuru wote nasoma kila kitu. Wazee hoja yao kubwa ni ajira. Wanasema walimu wa sanaa wamejaa mtaani, na 2017 kuna waliohamishwa sekondari kupelekwa msingi kwa sababu walizidi. Hapo nilikosa jibu.

#24 Mwl_Usariver
Hilo la 2017 ni kweli, na wa sayansi wanatafutwa mpaka leo hilo pia ni kweli, sikufichi. Ila waambie na hili: mwalimu wa digrii akiajiriwa serikalini anaanza daraja lilelile la mshahara la TGTS D, awe wa fizikia awe wa Kiswahili. Makato ya bodi ni asilimia ileile. Aliyelipa ada kubwa na aliyelipa ndogo wanapokea sawa. Kinachopishana ni foleni ya kuingia, na siku hizi wote wanafanyiwa usaili.

#25 Binti_Himo
Mangi nina swali kabla sijasema kitu. Huyo wa HGL ni wa kike?

#26 MangiWaKiborloni
Ndio, wa kike. Wa PCB wa kiume.

#27 Binti_Himo
Haya. Naomba tuache maabara sasa.

#28 MamaKahawa_Machame
Nilikuwa nasoma kimya nikisubiri mtu aulize. Wanangu, hizo hesabu za bureti na wahadhiri ni nzuri, lakini mimi nimekaa kwenye vikao hivyo maisha yangu yote nikipika huku nyuma na kusikiliza. Angekuwa wa kiume na HGL yake wangesema "atakuwa wakili wa ukoo". Wa kike mwenye sanaa wanasema ataolewa. Mimi wa kwangu nilimsomesha sheria kwa kahawa na maziwa, mwaka kahawa ilipoanguka bei nikauza mtamba aliyebaki miezi miwili kuzaa, na nilimwuza nikilia kwa sababu nilijua ndama angetutoa. Hakuna shemeji aliyeweka hata elfu kumi. Leo mgogoro wa shamba ukitokea wote simu zao zinaita kwake.

#29 Mzee_wa_Marangu
Mama nakuheshimu sana lakini usitufunge wote kwenye gunia moja. Kwetu mwaka juzi tumemchangia binti wa PCM (fizikia, kemia, hisabati) na kijana wa HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) tukamwacha. Hofu ya wazee ni hela kupotea, jinsia ni jambo lingine.

#30 MamaKahawa_Machame
Baba huyo binti mngemchangia angekuwa na HKL? Naomba unijibu hapo.

#31 Kipusa_Njiro
Tena wasichana wanaenda sanaa wengi kwa sababu shule za kata nyingi wanazotoka mwalimu wa fizikia hamna. Hawakuchagua sanaa, ndo kilichokuwepo. Halafu baadaye tunawaadhibu kwa kuikosa sayansi.

#32 Mwl_Usariver
@Kipusa_Njiro hapo kwa wengi ni kweli ila usimwondolee huyu mtoto sifa yake. Wapo wanaoipenda historia tangu form one. Division one ya HGL haiji kwa kukosa pa kwenda.

#33 Chalii_wa_Ngarenaro
Mangi tuachie nadharia, umewauliza wote wawili kama wameomba mkopo? Maana kama wa PCB ana nafasi kubwa bodi basi mchango wa ukoo ungeenda kwa asiye na nafasi. Ninyi mnamwagilia panaponyesha.

#34 MangiWaKiborloni
Wote wameomba, majibu bado. Hilo la kugeuza mchango sijalisikia kikaoni hata mara moja. Nalibeba.

#35 Mhasibu_Sakina
Na uliza chuo utaratibu wa awamu. Vyuo vingi vinapokea ada kwa mihula, vingine mara nne kwa mwaka. Kwa 1,260,000 ukigawa awamu nne ni 315,000. Ukoo wenye kaya 20 ni chini ya elfu 16 kila kaya kwa awamu. Nenda na hiyo karatasi kikaoni, usiende na maneno matupu. Ila narudia kwa @FundiMaabara, kusema sanaa inailipia sayansi bila kuona mahesabu ya kila kitivo ni kukisia. Vyuo vikitoa hayo mahesabu mimi wa kwanza kuyasoma.

#36 FundiMaabara
Havitatoa. Na mimi sihitaji kuyaona, naandika mwenyewe oda za kemikali kila muhula na najua zinakatwa nusu mwaka ambao wanafunzi wa sanaa wamepungua kujiunga.

#37 Mwl_Usariver
Sisi mwaka huohuo tulinyimwa karatasi za mitihani tukaambiwa maabara imemaliza bajeti.